Paka wa Sista Nyoosha

Jumamosi asubuhi kliniki ya daktari wa mifugo ilikuwa imefurika. Mbwa watatu walikuwa wakibwekeana miguuni mwa wenyewe, kasuku mwenye kikohozi alikuwa akimtukana kila anayepita, na juu ya zogo hilo lote, kwenye ngazi ya aluminiamu, fundi wa nyavu za madirisha alikuwa akipachika wavu mpya huku skrubu tatu amezibana midomoni. Ndipo mlango uliposukumwa akaingia mwanamke mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi ikakolea, viatu vya raba vya buluu, nywele amezifunga nyuma kwa utepe wa kijani. Mkononi alikuwa na paka mkubwa kupita kiasi, mwenye manyoya marefu ya rangi ya maziwa na uso wa hudhurungi, amening'inia kama taulo lililotolewa majini.

Fundi alikuwa na miaka thelathini na minne, na alipenda kujisifu kwamba hajawahi kuanguka kutoka kwenye ngazi. Siku hiyo ilibaki kidogo.

"Huyu amepooza," yule mwanamke alitangaza. "Miguu yote minne. Naomba mnipishe."

Watu walimpisha, hata mbwa. Alimweleza daktari kwamba yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, kwamba paka si wake bali ni wa dada yake aliyesafiri juzi kikazi kwa mwaka mzima, na kwamba kila akimnyanyua mnyama analegea mwili mzima. Alikuwa amempima magoti kwa kinyundo chake cha mpira, paka hakujibu. Kwa hiyo alikwisha kumwanzishia mazoezi: kunyoosha na kukunja, mara kumi kumi, asubuhi na jioni.

Daktari, mzee mfupi aliyekwisha kuona mengi, alimweka paka sakafuni. Paka alisimama, akajinyoosha, akatembea taratibu hadi kwenye tundu la kasuku, akaketi na kumtazama kwa macho ya buluu yaliyojaa mapenzi. Kasuku alimtukana. Paka hakujali. Daktari alimnyanyua tena, na mwili wote ukamwagika mikononi mwake.

"Hana ugonjwa," daktari alisema. "Aina hii inaitwa Ragdoll. Ni kama kusema mdoli wa matambara. Ukimbeba anajiachia kwa sababu anakuamini."

"Ananiamini? Tumejuana siku mbili."

"Anamwamini kila mtu, binti yangu. Na hapo ndipo ilipo kazi yako."

Fundi alicheka, na skrubu zote tatu zikamtoka mdomoni. Mbili zilianguka chini. Ya tatu ilitua kwenye utepe wa kijani. Mwanamke akainua uso.

"Wewe uliye juu ya ngazi, kuna cha kuchekesha?"

"Hapana, dada. Ila hizo mara kumi, paka alikuwa anazihesabu?"

Mwenye kasuku akaangua kicheko. Mwanamke hakucheka, ingawa pembe moja ya mdomo wake ilimsaliti, na fundi akaiona.

Daktari aliendelea kutoa masharti kana kwamba hakusikia. Paka huyu haachwi atoke nje peke yake, maana hakimbii hatari; mwizi akija, atamsindikiza. Manyoya yachanwe mara mbili au tatu kwa wiki, hasa makwapani na tumboni yanakosokotana. Abebwe kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja chini ya makalio. Asiachwe mpweke siku nzima. Na kwa kuwa anaishi ghorofa ya tano, madirisha yote na roshani viwekewe wavu madhubuti.

"Fundi mwenyewe yuko hapo juu," daktari akamalizia. "Mdomo wake mrefu, lakini kazi yake safi."

*

Kazi ile ilikuwa ya siku moja na nusu. Madirisha manne na roshani moja. Fundi aliifanya kwa wiki tatu.

Alianza na dirisha la jikoni, akalipima Jumatatu, akarudi kulipima Jumatano kwa madai kwamba joto hutanua fremu. Dirisha la chumbani lilihitaji skrubu za aina ambayo eti haipatikani kirahisi, na moja aliyokwisha kuikaza aliikuta imelegea kila aliporudi. Mjomba wake, waliyeshirikiana naye karakana, alimsikiliza akijitetea asubuhi moja, kisha akamuuliza jengo hilo lina madirisha mangapi. Manne, fundi alijibu. Mjomba akasema alidhani ni mia nne.

Ukweli ni kwamba alikuwa amependa, na alijua. Alimpenda kwa jinsi alivyomkuta akimngoja mlangoni saa kumi na moja jioni, akafungua akiwa hoi, akavua viatu na kuuliza, kabla ya salamu, "Mheshimiwa, umekula?" Mheshimiwa ndilo lililokuwa jina la paka. Yeye mwenyewe hospitalini wagonjwa walimwita Sista Nyoosha, kwa sababu hakuna aliyetoka kwenye chumba chake bila kunyoosha kitu.

Katika wiki hizo fundi alimsoma paka kama alivyousoma ukuta kabla ya kuutoboa. Mheshimiwa alimpokea mlangoni kama mbwa. Alimfuata chumba hadi chumba, akalalia tepu ya kupimia, akalala ndani ya sanduku la vifaa juu ya drili. Hakuparura kitu, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mwili wake kwa mbali. Fundi alijifunza kumchana kwapani bila kumvuta ngozi. Sista kwa upande wake aligoma kabisa kuacha mazoezi. Kila jioni alimlaza paka chali juu ya zulia na kumnyoosha mguu mmoja mmoja, na Mheshimiwa, aliyekuwa mzima kuliko wote mle ndani, alifumba macho akakoroma kwa raha.

Simu nazo hazikukatika. Fundi alipiga kuuliza hali ya paka. Sista alimjibu kuwa paka ni mzima, na yeye je? Fundi alisema yeye bega linamsumbua, ni ngazi hizi. Basi kesho yake akaambiwa aketi kwenye kiti cha jikoni, akashikwa bega la kulia na vidole vilivyojua kazi yake.

"Nyoosha."

"Nikinyoosha sana utaona nimepona, utanifukuza."

"Mbona Mheshimiwa mzima na simfukuzi?"

Fundi alinyoosha mkono mpaka ukagusa jokofu.

*

Ikabaki roshani peke yake, na roshani haikuwa na kisingizio. Asubuhi ya siku hiyo Sista aliitwa kazini mapema. Alimtazama fundi, akatoa ufunguo kwenye mkufu wake, akamkabidhi. Hajawahi kumwachia mtu ufunguo wa nyumba hiyo tangu ahamie, alisema. Akimaliza, afunge, amwachie mlinzi pale chini.

Fundi alifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Aliuvuta wavu mpaka ukalia kama ngoma, akaukaza kila pembe mara mbili. Alipomaliza alikunja wavu uliobaki, bunda kubwa na zito, akalitupia begani kushoto, akafunga mlango, akampa mlinzi ufunguo, akaondoka zake na kigari chake cha mizigo akipiga mluzi.

Saa kumi na moja na robo simu ikalia. Alikuwa nje ya karakana, bado hajashusha vitu.

Sista alianza kwa upole. Mheshimiwa hayupo. Ametafuta kabatini, chini ya kitanda, nyuma ya jokofu, ndani ya mashine ya kufulia. Fundi hakumwona akitoka? Fundi alisema hapana, mlango ulikuwa umefungwa muda wote. Hapo sauti ya Sista ikabadilika.

"Fundi, aliyekuwa humu ndani ni wewe tu."

"Unamaanisha nini?"

"Dada yangu alinikabidhi kiumbe mmoja tu. Mrudishe. Mlete hata usiku, mwachie mlinzi, na mimi sitauliza kitu."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomchoma. Mtu anayeingia nyumba za watu hana mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa, na hapa mwanamke aliyempenda alikuwa akimsamehe wizi ambao hakuufanya.

"Sikiliza, Sista," alisema. "Kama mimi nina paka wako, nisiitwe fundi tena. Nimekula kiapo." Akakata simu.

Akafungua mlango wa nyuma wa kigari kwa hasira, akalivuta bunda la wavu. Bunda likapiga mwayo.

Mheshimiwa alikuwa katikati kabisa ya mkunjo, amejikunja pamoja na wavu, manyoya yamechomoza matunduni. Alikuwa ameingia humo kulala wakati fundi anakunja upande wa pili, akabebwa begani, akashushwa ngazi za ghorofa tano, akasafirishwa mitaa sita, na hakuona sababu ya kumsumbua mtu. Alimtazama fundi kwa macho ya buluu yaliyojaa mapenzi.

Alimpigia Sista mara nne. Simu haikupokelewa, maana wakati huo alikuwa akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, ghorofa zote, akilia. Mjomba alikuja, akatazama bunda, akamtazama mpwa wake, akaketi kwenye debe la rangi.

"Umekula kiapo lini?"

"Dakika mbili zilizopita."

"Ungengoja tatu," mjomba alisema.

Alipofika kwenye jengo, paka amemkumbatia kwa mikono miwili kama alivyoagiza daktari, mlinzi alimwahi getini. Mlinzi alikuwa mtu mwema, na watu wema ndio wanaotupeleka pabaya. Alisema amesikia kila kitu, jengo zima limesikia. Ampe yeye huyo paka. Atasema amemkuta kwenye ngazi za dharura. Nani ataumia?

Fundi alitaka kusema hapana. Akaona atakavyoonekana akisimama mlangoni na ushahidi mkononi baada ya kile kiapo. Akakosa pa kuuweka uso. Akanyoosha mikono, akampa.

*

Nusu saa baadaye simu ililia tena, na safari hii ilikuwa ni kilio kitupu. Amepatikana, Sista alisema, mlinzi amemkuta kwenye ngazi. Alimwomba fundi radhi kwa kumshuku, akaomba tena, akasema amejiaibisha, akasema hajui alipata wapi ulimi wa kumwambia maneno yale mtu muungwana kama yeye.

"Njoo kesho jioni nikupikie," alisema. "Njoo, mpenzi wangu, unitazame usoni uniambie umenisamehe."

Mpenzi wangu. Fundi alilisubiri neno hilo wiki tatu, na sasa limekuja likiwa limefungwa pamoja na uongo. Alifungua mdomo aseme. Mdomo ukasema, "Nimekusamehe."

Kesho yake alivaa shati la samawati aliloshonewa kwa ajili ya harusi ya binamu yake, akanyoa ndevu, akajipulizia manukato ya mjomba. Mlango ulipofunguliwa alipigwa na joto. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, jasho likimtiririka Sista katika gauni zuri la maua mekundu lililomkaa vizuri. Chakula kilikuwa mezani, lakini yeye alikuwa roshanini amepiga magoti, kioo cha kukuzia jicho moja, akikagua wavu tundu kwa tundu. Kutoka bafuni ilisikika sauti nyembamba. Mheshimiwa amefungiwa humo.

"Nimefikiri usiku kucha," alieleza. "Mlango ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo ametokea hapa. Kuna sehemu imelegea, ila bado sijaiona. Sikulaumu, kila fundi hukosea. Lakini nyumba hii si salama kwake. Kuna mama mmoja rafiki wa dada yangu, ana nyumba ya chini. Jumamosi anakuja kumchukua."

Fundi alibaki amesimama. Jana alikuwa mwizi mwenye wavu mzuri. Leo ni mtu mwaminifu mwenye wavu mbovu. Na huyo mama wa nyumba ya chini, yenye mlango ulio wazi mtaani na magari yakipita, atampokea paka anayesindikiza wezi.

"Wavu huu hata nyuki hapiti," alisema.

"Basi alitokaje?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kulegeza pembe moja mbele yake na kuikaza upya, mambo yakaisha, wakala. Alimsikia paka bafuni.

"Nilimtoa mimi," alisema. "Alilala ndani ya wavu uliobaki, nikamkunja humo bila kujua. Nilimwona baada ya kukukatia simu. Mlinzi alinionea huruma, na mimi nikanyamaza."

Sista alishusha kioo.

"Kwa hiyo jana nilipokuwa nakulilia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukasema umenisamehe."

"Uliniita mpenzi wako. Nilitaka kulisikia mpaka mwisho."

Sista hakupaza sauti. Alizunguka akafungua dirisha moja moja, yote manne, akafungua mlango wa bafu, Mheshimiwa akatoka akijipitisha miguuni mwao. Kisha akafungua mlango wa mbele.

"Paka kulala ndani ya wavu, ningecheka mpaka nikae chini," alisema. "Wavu wako uko sawa. Nenda nyumbani."

*

Siku tisa zikapita. Fundi alipiga simu siku tatu za kwanza, halafu akaacha, maana hata kung'ang'ania nako kuna aibu yake. Kazini akawa anatoboa mashimo yasipohitajika. Mjomba alivumilia mpaka siku ya tisa, fundi aliposhindwa kuinua drili kwa mkono wa kulia. Bega lilikuwa limekaza kikweli. Mjomba akampakia kwenye kigari, akampeleka hospitali bila kumuuliza anataka kutibiwa na nani.

Chumba cha fiziotherapia kilikuwa na vitanda vinne vilivyotenganishwa kwa mapazia, na mapazia hayazuii maneno. Kitanda cha pili alikuwepo mwalimu mstaafu akijifunza upya kufunga vifungo vya shati. Cha nne alikuwepo mama mmoja muuza vitambaa, mgonjwa wa kiuno. Fundi akapewa cha tatu. Pazia likavutwa, na Sista akasimama mbele yake na sare ile ile nyeupe, ubao wa fomu mkononi.

"Limeanza lini?"

"Leo ni siku ya tisa."

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kushika simu."

Upande wa pili mwalimu mstaafu aliacha vifungo vyake.

Sista aliuchukua mkono, akauinua taratibu, akamwagiza ataje maumivu kwa namba, moja hadi kumi, na aseme ukweli.

"Bega ni nne," fundi alisema. "Mengine yote ni kumi."

Vidole vikasita begani. Fundi akauliza kama Mheshimiwa anakula.

"Anakula kupita kiasi. Usijipe umuhimu." Akakohoa kidogo. "Yule mama nimemkatalia. Kuna jingine ulilonidanganya?"

Fundi alifikiri, kwa kuwa aliazimia kutoficha hata chembe. Akasema kazi ile ya nyavu ilikuwa ya siku moja na nusu. Fremu hazitanuki kiasi kile. Skrubu zile zipo kila duka.

"Hilo nililijua tangu siku ya tatu."

"Ukanyamaza?"

Sista aliinamisha uso kwenye ubao. Masikio yake yakabadilika rangi. "Ile skrubu ya chumbani iliyokuwa inalegea kila mara," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuwa nailegeza mimi. Kwa kijiko."

Mama muuza vitambaa alicheka mpaka akalalamika kiuno. Fundi hakucheka. Alimtazama tu, na yeye akamtazama, na wote wawili wakajua kwamba hasira imekwisha na kilichobaki ni kitu kikubwa zaidi, chenye kutisha kidogo.

"Nilikupa ufunguo," Sista akasema. "Unaelewa? Niliumia kwa sababu ya ufunguo."

"Naelewa. Sitakudanganya tena, hata kwa kukuonea huruma."

Sista alifuta jicho kwa mkono wa sare, akarudi kwenye ubao, akasema fomu haijajazwa na utaratibu ni utaratibu. Umri. Kazi. Mtu wa karibu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Fundi alitaja namba, tarakimu kwa tarakimu, bila kutazama popote. Sista aliandika nne za kwanza kabla ya kutambua kuwa ni yake mwenyewe. Alizimalizia hata hivyo.

"Uhusiano na mgonjwa?"

Fundi aliitazama kalamu iliyokuwa ikingoja.

"Sema, fundi, nina watu wanangoja."

"Ninalotaka kuandika bado si kweli," fundi alisema. "Na nimeahidi sasa hivi."

"Unataka kuandika nini?"

"Mke."

Kisha mwalimu mstaafu akazungumza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha madarasa: amuulize basi vizuri, wenzake wana zamu zao. Fundi akamuuliza vizuri. Alimwambia kwamba anampenda, kwamba hana maneno mengine mazuri kuliko hayo, na je, atakubali amuoe?

Sista hakujibu kwa mdomo. Aliandika neno moja, akamgeuzia ubao asome. Mchumba.

"Hilo jingine tutaliandika siku litakapokuwa kweli," alisema. "Weka sahihi hapo chini."

Fundi akaweka sahihi kwa mkono wa kushoto, mwandiko umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza, maana wa kulia Sista alikuwa bado ameushika na hakuonyesha dalili ya kuuachia.